Karatasi Ndefu, Maneno Mafupi

Mwaka 1970 nilikuwa darasa la tatu, na nilikuwa najua siri za nusu ya kitongoji chetu. Nani kaachwa, nani anadaiwa mahari, mtoto wa nani kafukuzwa kazi Mwanza na anaona haya kurudi nyumbani: yote yalipita mdomoni mwangu kabla hayajawafikia wenyewe. Kisiwani Ukerewe wakati ule, mtoto aliyesoma barua bila kukwama alikuwa mali ya ujirani kama kinu na mchi. Aliazimwa asubuhi, akarudishwa jioni.

Barua zilivuka ziwa hadi Nansio, zikakaa posta siku kadhaa, kisha zikaletwa na yeyote aliyekuwa anapita njia yetu. Mwenye barua hakuifungua. Aliifunga kwenye pindo la kanga, akaja nayo nyumbani kwa bibi akaniulizia. Nikapewa kigoda, watu wakanyamaza, nami nikaanza: salamu nyingi, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika walipoyasikia maneno hayo, ingawa kila barua ilianza nayo. Niliyasoma kwa Kiswahili, kisha nikayageuza kwa Kikerewe, maana wengi wao Kiswahili kilikuwa kinawapiga chenga. Na huko mjini mara nyingi aliyetuma naye hakujua kuandika, alimlipa mtu. Kwa hiyo maneno ya mtoto kwa mamaye yalipita kwa mwandishi wa kulipwa na kwa mtoto wa jirani, na kila mmoja aliyaongeza au kuyapunguza kidogo.

Siku moja ikaja ya bibi mwenyewe, kutoka kwa baba yangu mdogo aliyekuwa kibarua Dar es Salaam. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ulikuwa na jambo ambalo mtoto wa miaka tisa hawezi kumtamkia bibi yake mbele za watu. Nikaruka mistari. Nikakimbilia salamu za mwisho, nikakunja barua haraka.

Bibi aliichukua, akaikunjua, akaitazama huku na huku.

"Mjukuu wangu," akasema, "mbona karatasi ni ndefu na maneno ni mafupi?"

Watu wakacheka. Usiku, tukiwa wawili jikoni na moto umebaki makaa, akanipa tena ile barua, nikaisoma yote. Alinyamaza kwa muda mrefu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Hili lilikuwa langu, na wewe umelijua kabla yangu." Wiki chache baadaye alikwenda kujiandikisha kwenye kisomo cha watu wazima.

Nimesoma maelezo mengi kuhusu faida za kujua kusoma na kuandika. Yanazungumzia mavuno, kipato, afya ya watoto, na mengi kati ya hayo ni kweli. Lakini kila ninapoyasoma nakumbuka yale makaa. Kabla ya yote, asiyejua kusoma hana jambo lake peke yake. Kila lake linalopita kwenye karatasi lazima lipite kwanza kwa mtu wa kati: karani, mjukuu, jirani, mnunuzi. Akipata mtu mwema, mambo yake yanatunzwa. Akipata mwingine, anaibiwa na huku anashukuru.

Wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa waliligundua hilo mapema, tena kwa uchungu. Wakati wa ukoloni mnunuzi alileta mizani yake, akaisoma mwenyewe, akaandika mwenyewe, akalipa alichoandika. Mkulima aliyelima ekari, akapalilia, akachuma na kubeba gunia kichwani hadi sokoni alisimama upande wa pili wa mizani akitazama sindano ikicheza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma na Ukerewe walianza kuwaweka watu wao kando ya mizani, watu waliojua kusoma namba, kazi yao ikiwa kutazama sindano na kitabu cha mnunuzi kwa pamoja. Hawakuwa na silaha wala cheo. Mtu mmoja tu anayesoma, na wizi wa waziwazi unakuwa mgumu. Vyama vya ushirika vya pamba vilichipukia kwenye manung'uniko hayohayo ya mizani, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake, na mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho lililojulikana kama VFCU, moja ya mashirika makubwa ya wakulima barani Afrika kwa wakati wake. Watu hupenda kuisimulia historia hiyo kama habari ya siasa. Mimi naiona kwanza kama habari ya kusoma.

Ushirika ulipokuwa wetu, mizani ikawa yetu, lakini karani alibaki karani. Bibi alipouza pamba alipewa stakabadhi asiyoweza kuisoma, na kwenye kitabu cha malipo alitia dole. Nakumbuka kile kidude cha wino na jinsi karani alivyoshika mkono wake, maana hawakuwaachia wazee watie dole wenyewe. Walikishika kidole gumba kama kitu kisicho na mwenyewe, wakakibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi, wakakiachia. Wino ule hautoki upesi. Bibi alikisugua kwenye nyasi, halafu njia nzima ya kurudi nyumbani alikificha ndani ya kanga.

Mwalimu Nyerere alikuwa ametaja maadui watatu wa taifa: ujinga, umaskini na maradhi. Kwa neno la kwanza watu wengi walielewa kutojua kusoma, na magazeti na mabango yakazungumza juu ya kuufuta ujinga kama mtu anavyofuta ubao. Namheshimu Mwalimu, na katika jambo hili alifanya zaidi ya viongozi wengi wa enzi yake, lakini neno hilo sikulipenda na silipendi hadi leo. Bibi alijua ni mawingu gani yanayotoka ziwani na mvua na ni yapi yanayotoka na upepo mtupu. Aliweza kutaja ukoo wetu vizazi vingi nyuma bila kukwama. Alichokosa ni ufundi mmoja, na ufundi hufundishwa. Mwenyewe alisema, "Mimi si mjinga, nimefungiwa mlango tu."

Ufunguo ulikuja kwa amri ya serikali, na hilo nalo lisisahaulike. Mwaka 1964, alipoueleza mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu alisema wazi kwamba lazima tuanze na watu wazima, kwa sababu watoto walioko shule hawataweza kuubadili uchumi wa nchi kwa miaka mitano, kumi au hata ishirini ijayo. Wazo hilo lilikwenda kinyume na mazoea ya nchi nyingi, ambako mtu mzima asiyejua kusoma huachwa azeeke na kutojua kwake. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya sita zilizochaguliwa kutangulia, pamoja na Mafia, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Mwaka 1971 chama tawala, TANU, kikaazimia kwamba hadi mwisho wa 1975 kutojua kusoma kuwe kumekwisha nchini kote.

Kwetu, azimio hilo lilikuwa mwembe mmoja nyuma ya shule ya msingi, ubao umeegemezwa kwenye shina, na kijana aliyemaliza darasa la saba. Walimu wa kisomo walikuwa wengi kweli kweli: walimu wa shule, makarani, wanafunzi, vijana kama huyu. Wengi walifundisha kwa kujitolea au kwa posho ndogo. Wanafunzi wa kijana wetu walikuwa na umri wa mama zake na bibi zake, na wengi walikuwa wanawake, kama ilivyokuwa karibu kila mahali nchini. Kila jioni alianza kwa kuinamisha kichwa na kusema, "Shikamooni, wazazi wangu." Nao wakajibu kwa pamoja, "Marahaba, mwalimu." Sijapata kusikia salamu iliyobeba heshima mbili namna ile, kila upande ukimpa mwenzake iliyo yake.

Nilikuwa nakwenda kumsubiri bibi ili nimbebee mkeka, nikakaa pembeni nikitazama. Kilichonishangaza ni mikono. Mkono ulioshika mpini wa jembe miaka arobaini haujui kushika kitu chembamba. Penseli zilivunjika. Karatasi zilitoboka. Mama mmoja alikandamiza hadi herufi ikaonekana upande wa pili wa daftari, akaigeuza, akaipapasa kwa kidole, akatabasamu. Jasho liliwatoka kuliko shambani. Wengine walifika na watoto mgongoni, na mtoto akilia mama alisimama, akawa anamtikisa huku macho yakiwa ubaoni. Na kulikuwa na wanaume waliowakataza wake zao kwenda. Walisema chakula kinachelewa. Nadhani baadhi yao waliogopa kitu kingine: mke anayejua kusoma anaweza kusoma stakabadhi ya pamba aliyoilima yeye.

Vitabu vya kisomo viliandikwa kufuata kazi za watu. Mradi wa majaribio ulioanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza, ulitengeneza vitabu vya kusomea vya wakulima wa pamba, vya wakulima wa migomba, vya wavuvi, vya wafugaji. Fikra ilikuwa kwamba mtu mzima hawezi kupoteza jioni zake kwa a, e, i, o, u tupu. Lazima anachosoma kimsaidie kesho shambani. Fikra nzuri, nami siibezi. Lakini bibi hakwenda kujifunza pamba. Pamba aliijua kuliko mwalimu, na alimsahihisha mara mbili kuhusu wakati wa kung'oa masalia. Alichotaka ni jina la mwanawe. Baada ya wiki kadhaa alinyoosha mkono akamwomba kijana aliandike ubaoni, lile jina tu. Kijana akalifuta neno la siku, akaliandika. Herufi sita. Bibi alilinakili mara nyingi hadi ukurasa ukajaa, na kesho yake kila mama akaja na jina lake: la mtoto, la marehemu mume, la binti aliyeolewa mbali. Sijui mkaguzi angesema nini kuhusu somo hilo. Mimi sijaona somo lililofundishwa vizuri zaidi.

Ugumu mmoja ulisahauliwa na wengi walioandika sifa za kampeni ile. Vitabu vyote vilikuwa kwa Kiswahili. Kwa mtu wa pwani hilo ni jambo dogo. Kwa bibi kizee wa Ukerewe, Usukuma au Umasaini ilikuwa kazi mbili kwa jioni moja: kujifunza herufi, na kujifunza lugha inayoandikwa kwa herufi hizo. Bibi aliweza kusoma neno zima kwa usahihi kisha akanigeukia: "Hilo ni nini?" Uamuzi wa lugha moja ulitujengea taifa, nami ninayeandika ukurasa huu kwa Kiswahili ni mtoto wa uamuzi huo. Ila gharama yake waliilipa watu kama yeye, na wakaimaliza.

Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa nchi nzima. Mamilioni ya watu wazima waliketi siku zilezile kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakigonga mbao, wakasubiri karatasi. Matokeo yalipangwa kwa hatua nne, ya nne ikiwa ya mtu anayeweza kusoma gazeti, kuandika barua na kuweka hesabu zake bila msaada. Wakati wa sensa ya 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Baada ya mtihani wa 1975 wakahesabiwa asilimia 39, na kufikia 1986 serikali ilitangaza kwamba wamebaki chini ya asilimia 10. Wataalamu wamebishana kuhusu takwimu hizo, na kufaulu mtihani ni jambo moja, kuendelea kusoma ni jingine. Hata tukizipunguza, zinabaki kuwa moja ya kazi kubwa zilizowahi kufanywa na nchi maskini kwa chaki na mkeka.

Ufundi huo ulipoingia vijijini ulianza kufanya kazi ambazo hakuna mwalimu aliyezifundisha. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu walikusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi kutoka Radio Tanzania, kisha mmoja wao akasoma kwa sauti somo la wiki kitabuni, wakajadili, wakaamua la kufanya: malaria, kuhara, minyoo, kifua kikuu, na kichocho, ambacho sisi watu wa ziwani tulikijua vizuri mno. Takriban watu milioni mbili walishiriki. Redio peke yake ingesema na kunyamaza. Kitabu kilibaki. Kwetu kikundi kilibishana siku tatu kuhusu urefu wa shimo la choo, na kila mara walirudi kwenye ukurasa kuangalia. Nilimwona babu mmoja, mkali, asiyekubali kushindwa kwa maneno, akinyamazishwa na mkewe aliyemwekea kidole kwenye mstari: "Soma hapa." Alisoma. Shimo likachimbwa.

Na baada ya hapo, wasome nini? Hapo ndipo tulipoteleza, na inaniuma. Kulikuwa na juhudi: maktaba za vijiji, gazeti la Elimu Haina Mwisho lililotolewa Mwanza kwa ajili ya watu wa vijijini. Lakini karatasi ikawa adimu, uchumi ukaanguka mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, kabati la maktaba ya kijiji likabaki na vitabu vilevile hadi mchwa wakavimaliza. Kusoma kunaota kutu kusipotumiwa. Watu waliovunja penseli nyingi kwa ajili ya herufi walirudi kutia dole.

Na jambo la kuhuzunisha ni kwamba kitabu kilikuwepo. Humohumo kisiwani, miaka yote ile ya kisomo, aliishi mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896 na kusomeshwa na wamisionari. Mwaka 1945 alikuwa amemaliza kuandika kwa Kikerewe kisa kirefu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliokosa mtoto, na ndani yake aliweka maisha yote ya Wakerewe wa zamani: kilimo, tiba, posa, pombe ya ndizi, maziko. Alitaka wajukuu waje kujua. Hakupata mchapishaji. Mswada ulikaa miongo mitatu na zaidi. Hatimaye alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapwa na Tanzania Publishing House wakati mzee mwenyewe akiishia. Alifariki mwaka 1981 bila kukishika mkononi. Nikiwafikiria mama zetu chini ya mwembe wakisoma kuhusu dawa ya kunyunyizia pamba, na mwendo wa siku moja kutoka hapo, sandukuni, maisha yao wenyewe yameandikwa kwa lugha yao wenyewe yakisubiri msomaji, nashindwa kukubali kwamba haikuwezekana. Wangekisoma. Wangebishana nacho usiku kucha.

Watu huniambia mambo hayo yamepita, siku hizi kila mtu ana simu. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni kwa wakala wa pesa karibu na stendi moja ya Mwanza. Mbele yangu mama mmoja, mtu mzima, nguo safi, kikapu cha dagaa miguuni. Alimpa wakala simu yake kupitia dirishani, akasema, "Mwanangu nitolee elfu ishirini," kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, akataja tarakimu nne. Namba yake ya siri. Tuliisikia watu sita. Wakala alikuwa kijana mwaminifu, alimtolea na kumhesabia. Lakini alipomrudishia simu mama hakuitazama, maana ujumbe ulioingia haukumwambia kitu. Nikaona kile kidole gumba ndani ya kanga.

Wanaosoma nao si kwamba wamesalimika. Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa kumtaka ile hela aitume kwenye namba hii, na kila siku kuna anayeituma. Anajua herufi, hajafundishwa kumuuliza aliyeandika: wewe ni nani, na unataka nini kwangu? Wale wapimaji wa kando ya mizani walikuwa wamelijua swali hilo miaka ya 1950. Naona tumeanza kufundisha watoto kutamka haraka, tukawapa alama kwa idadi ya maneno, na swali lile tumeliacha nje ya darasa.

Bibi aliketi mtihani wa 1975 na akafaulu. Wakati huo nilikuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni, mbali na nyumbani. Mwezi wa kumi nikaitwa kuchukua barua. Bahasha ilikuwa na jina langu kwa herufi kubwa zinazopanda mlima, na sikuutambua mwandiko, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuuona kwenye bahasha. Ndani mlikuwa na kurasa mbili zilizochanwa kutoka daftari la kisomo. Maneno yalikuwa yameungana kama shanga, l imekaa mahali pa r, na alama ya kalamu ilikuwa imekwenda hadi upande wa pili. Alianza kama inavyopasa: mimimzima hofunamashaka nikwako. Kisha akaniambia jambo lake, lile la jikoni, jinsi lilivyoishia. Ilinichukua nusu saa kuisoma barua nzima, na mara mbili ilibidi nimalizie mstari kwa kuutamka, ndipo nikamsikia.

Mwishoni, pembeni, mahali ambapo karatasi ilikuwa inamwishia, aliandika: usimsomee mtu.

Ninayo mpaka leo. Sijamsomea mtu.